Jicho la Kamera na Nuru ya Mshumaa

Nyumbani kwetu kuna picha ya arusi ya dada yangu. Kila mgeni anayeiona huisifu. Dada amesimama mbele ya kanisa, kope zake zahesabika moja moja, na shela yake yang'aa kama maziwa. Nyuma yake hakuna kitu cha kusumbua macho. Ukuta, miti na watu vimeyeyuka pamoja, vikawa rangi laini tu, kama rangi iliyomwagika katika maji. Nami niliisifu kama wengine. Lakini baba yetu alifariki baada ya arusi ile, na siku moja mama aliitwaa picha, akaweka kidole juu ya doa la kahawia lililo nyuma ya bega la dada, akasema: "Huyu ndiye baba yenu." Kweli, ndiye. Siku ile alikuwa amevaa koti lake la kahawia.

Tangu hapo nimekuwa na shaka juu ya picha hiyo. Mpiga picha hakukosa kwa uvivu, wala hakuwa mjinga wa kazi yake. Alitumia lenzi ya aina inayotamaniwa sana na vijana wenye kamera: lenzi yenye urefu mmoja tu, isiyovuta karibu wala kusukuma mbali, lakini yenye tundu pana. Basi nauliza: uzuri wa lenzi ya namna hii ni uzuri wa kweli, au ni udanganyifu wa macho? Sipendi kujibu kwa kutazama kazi za wanafunzi. Chombo hupimwa kwa kazi yake iliyo bora. Kwa hiyo nitaichunguza kazi moja kubwa, kisha nitarudi kwenye koti la baba.

Kwanza tuelewe chombo chenyewe. Kila lenzi ina urefu wake, na ina tundu la kuingizia nuru. Mafundi hugawanya urefu kwa upana wa tundu, na jibu ndilo namba inayoandikwa juu ya lenzi. Kwa hiyo namba ndogo maana yake ni tundu kubwa. Lenzi ya milimita 50 yenye namba 1.4 ina tundu la milimita 36 hivi. Tundu pana lina faida yake na gharama yake. Faida ni kwamba nuru nyingi huingia, hata mtu aweza kupiga picha jioni pasipo kuwasha taa ya kamera. Gharama ni kwamba lenzi huona wazi katika kina kidogo tu. Kilicho mbele ya kina kile hufifia, na kilicho nyuma yake hufifia pia. Watu wengi huihesabu gharama hiyo kuwa faida ya pili, maana ukungu ule wapendeza. Hapo ndipo shauri letu linapoanza.

Mwaka 1975 ilitokea sinema iitwayo Barry Lyndon, kazi ya Stanley Kubrick, Mmarekani aliyeishi Uingereza. Ilitungwa kutokana na kitabu cha mwandishi William Makepeace Thackeray, kilichoanza kutolewa mwaka 1844. Ni habari za Redmond Barry, kijana wa Ireland wa karne ya 18. Anakimbia kwao baada ya kupigana kwa bastola, anakuwa askari, kisha anakuwa mcheza karata wa hila. Anamwoa mwanamke tajiri, Lady Lyndon, na mwishowe anapoteza vyote: mwanawe, mguu wake na nyumba yake.

Kubrick alitaka vyumba vya usiku vionekane kama walivyoviona watu wa wakati ule, ambao hawakujua umeme. Aliyepata kukesha usiku wa Pasaka anajua jinsi uso wa mtu ulivyo katika nuru ya mshumaa: nusu yake dhahabu, nusu yake giza, na macho yenye chembe ya moto ndani. Katika sinema nyingi mshumaa huwekwa mezani kama pambo tu, na nuru yenyewe hutoka katika taa kubwa zilizofichwa. Kubrick hakutaka hivyo. Alitaka mishumaa iwe ndiyo nuru.

Kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilikuwa imetengeneza lenzi 10 tu za aina ya Planar, za milimita 50, zenye namba 0.7. Mtaalamu Erhard Glatzel ndiye aliyeongoza kazi hiyo, kwa ajili ya shirika la NASA la Marekani, katika miaka ile ya kujiandaa kwenda mwezini. Kubrick alizipata 3. Piga hesabu, ndugu msomaji: tundu la lenzi hiyo lina upana wa milimita 71 hivi, yaani upana wapita urefu. Ukiilinganisha na lenzi ya namba 1.4, huingiza nuru mara 4.

Lakini lenzi ile haikukubali kufungwa kwenye kamera yoyote tu. Kioo chake cha nyuma kilitaka kukaa karibu mno na filimu, umbali wa milimita chache. Fundi Ed DiGiulio wa Marekani alilazimika kuibadili kamera ya Mitchell kwa ajili yake. Mpiga picha mkuu, John Alcott, aliona kwamba hata hivyo nuru haikutosha, ikabidi filimu isafishwe kwa nguvu kupita kawaida. Mishumaa ilikuwa na tambi 3 kila mmoja. Naye Douglas Milsome, aliyekuwa na kazi ya kulenga, aliwatazama waigizaji kutoka ubavuni kwa kamera ya televisheni, apate kujua ni lini mtu amesogea mbele au nyuma. Maana kina cha kuona wazi kilikuwa chembamba sana. Mwigizaji akiinama kidogo tu, uso wake ulizama katika ukungu. Mwaka 1976 Alcott alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Sasa tuitazame picha yenyewe. Ni usiku, watu wameketi kwenye meza ya kamari. Nyuma yao mishumaa imekuwa mafungu ya nuru laini, yasiyo na ncha. Lady Lyndon ameketi karibu na Mchungaji Runt, mwalimu wa nyumbani kwake. Uso wake ni mweupe kwa poda, nao hausogei. Ng'ambo ya meza yupo Barry. Hawasemezani. Yeye anamtazama, naye anatazamwa, kisha anarudisha macho. Mume wa mwanamke huyu angali hai, ni mgonjwa. Mchungaji Runt anaona yote, naye hapendi.

Wengi husema: tazama uzuri wa lenzi! Mimi nasema wamesifu jembe, wakamsahau mkulima. Kinachogusa moyo hapa si ukungu wenyewe. Ni utulivu ambao lenzi imewalazimisha watu kuushika. Kwa kuwa hawawezi kusogea, kila mwendo wa jicho unakuwa tendo. Wameketi wima kama watu waliokatazwa kupumua, na kweli ndivyo ilivyo: desturi za ukubwa zimewafunga, na tamaa imewafunga mara ya pili. Udhaifu wa chombo umekuwa ndimi ya kusimulia habari. Ukungu nao una kazi yake. Mtu aliyetekwa na uso mmoja haoni kingine. Dunia ya Barry usiku ule yaishia pale inapoishia nuru ya mshumaa, na kilicho nyuma, yaani mume, haki na kesho, kimefifia. Lenzi haitudanganyi. Inatuonyesha jinsi mtu anavyojidanganya mwenyewe.

Tena kuna jambo ambalo wapenzi wa lenzi ile hulisahau. Sinema hiyo ina jicho la pili. Mchana, huko nje, Kubrick alitumia sana lenzi ndefu ya kuvuta. Mara nyingi anaanza na mtu aliye karibu, kisha picha inarudi nyuma polepole, mpaka mtu yule anakuwa mdogo kati ya mashamba, miti na mawingu. Usiku tulimwona mtu pasipo dunia. Mchana twaiona dunia, na mtu ni kitu kidogo ndani yake. Jicho la kwanza lajua mtu anatamani nini. Jicho la pili lajua mahali anaposimama. Kama Kubrick angaliitumia Planar peke yake kwa muda wa saa 3, tungalitoka tumeshiba dhahabu, wala tusingalielewa kwa nini Barry aliangamia.

Je, kazi hiyo haina kasoro? Inayo. Kwa sababu ya kina kile chembamba, mara nyingi watu wa meza zile wamepangwa katika mstari mmoja, kama sanamu juu ya rafu. Hawawezi kuinuka na kumwendea mwenzao. Mtu akiwa na haraka atachoka. Hata mimi, nilipoitazama mara ya kwanza, niliona nimewekwa mbele ya michoro iliyotundikwa ukutani, wala si mbele ya watu. Mara ya pili tu nilielewa kwamba ubaridi ule ni sehemu ya habari. Lakini kazi inayohitaji kutazamwa mara mbili ili ieleweke inatupa deni, na si kila mtazamaji ana saa 3 nyingine za kulipia.

Haya, turudi kwenye koti la kahawia. Seminarini tulifundishwa kutenganisha chombo na lengo lake. Kosa la picha ya dada si lenzi pana. Kosa ni kwamba ukungu uliwekwa pasipo kuulizwa. Kubrick alijua ni nani anafifia na kwa nini. Mpiga picha wetu alijua tu kwamba nyuma patapendeza. Alifungua tundu lote, akalenga kope, akashukuru. Kwake yeye, waliosimama nyuma walikuwa rangi. Kwetu sisi walikuwa baba, wajomba, na shangazi aliyesafiri siku 2 barabarani. Arusi kwetu si meza ya watu wawili wanaotazamana gizani. Ni watu wa nyumba mbili waliosimama mchana kweupe ili wahesabiwe.

Kuna picha nyingine ya siku ile ile, iliyopigwa na binamu yetu kwa simu ya bei ndogo. Ni mbaya kwa kila kanuni. Kichwa cha mtoto kimekatwa, jua limechoma upande mmoja, na waya wa umeme wapita juu ya kichwa cha bibi arusi. Lakini tundu la simu ni dogo, na simu huona wazi mbele na nyuma. Baba yupo, anacheka, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti. Mama ameitundika hiyo ukutani. Ile nzuri imo ndani ya albamu.

Msidhani nasema kwamba picha mbaya ni bora kuliko nzuri. Hasha. Ningependa picha mbili za baba: ile ya kuonyesha alisimama kati ya nani, na nyingine ya uso wake peke yake, kwa lenzi pana, jioni, karibu na taa ya mafuta, kope zake nazo zihesabike moja moja. Hiyo ya pili hatunayo, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba uso wa mzee unastahili lenzi ya bibi arusi.

Basi ninyi vijana mnaoweka fedha akiba mpate lenzi ya 1.8 au 1.4, nunueni, sikatazi. Lakini pete ile inayofungua tundu huweza pia kulifunga, na kuigeuza hakuhitaji fedha. Kabla ya kulifungua lote, geuka, utazame ni nani amesimama nyuma. Kama ni ukuta, fungua. Kama ni watu, piga kwanza picha moja kwa namba 8, wote waonekane. Na mkiisha kupiga, waiteni wazee mmoja mmoja, waketi karibu na dirisha, nao wapigwe kwa tundu lote.