Heko kwa Waliosomea Huduma ya Kwanza ya Mlimani

Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi ina takriban nusu tu ya oksijeni unayoipata pwani. Hakuna zahanati huko, wala gari la wagonjwa. Yupo mwongozaji na mkoba wake. Ndiyo maana nawapongeza kwa moyo wote waongozaji wa Kilimanjaro wanaoingia darasani kusomea huduma ya kwanza ya porini.

Mafunzo haya si ya kufunga bendeji tu. Mjini unamtuliza majeruhi huku ukingoja msaada. Mlimani msaada ni wewe, pengine kwa saa nyingi, kwenye baridi na giza. Mwangalie aliyefunzwa vizuri, jioni katika kambi ya Barafu: anabana kipimo cha oksijeni kwenye kidole cha mgeni, anauliza habari za kichwa, usingizi na chakula. Akiingiwa na shaka, humwambia atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Mgeni akiyumba kama mlevi, huenda ubongo umeanza kuvimba, na dawa kubwa ni kushuka, usiku huohuo, bila kungoja kupambazuke.

Kumrudisha mtu aliyelipa maelfu ya dola, kilele kikiwa kinaonekana, kunataka elimu na ujasiri. Nawaheshimu mno kwa hilo.

Ukipanga kupanda, uliza cheti cha mafunzo haya kabla ya kuuliza bei. Nanyi wenye kampuni, walipieni kozi waongozaji wenu, na wapagazi pia.