Picha Isiyo na Uso

Siku hizi wauzaji wengi wanatangaza nakala za picha za kiroho zisizo na umbo la mtu wala la kitu, rangi tu. Wanasema: "Nakala hii ni ya ubora wa makumbusho. Itundike nyumbani, nayo itakusaidia kusali." Je, ni kweli? Tupime maneno hayo kwa mfano mmoja.

Mjini Houston, Marekani, kuna kikanisa chenye pembe nane kilichofunguliwa mwaka 1971. Walioagiza kijengwe ni Wakatoliki wawili, John de Menil na mkewe Dominique. Leo watu wa dini zote huingia humo kusali. Mwaka 1964 walimwomba Mark Rothko, Myahudi aliyezaliwa katika nchi inayoitwa leo Latvia, achore picha za kuta zake. Alichora 14. Alikufa mwaka 1970, kabla mlango haujafunguliwa.

Mkristu akisikia hesabu hiyo atakumbuka Njia ya Msalaba. Lakini akiingia hatamwona Pilato wala Veronika. Ataona turubai kubwa za zambarau na nyeusi, kubwa kumpita yeye. Mwanzoni atasema: "Hapa kuna giza tu." Akikaa kimya mpaka macho yazoee, zambarau itaanza kutoka katika weusi. Wingu likipita juu ya paa, ambako mwanga unaingilia, rangi itabadilika tena. Picha hizo zinamfundisha mtu kungoja.

Sasa chukua mojawapo, uipige chapa kwenye karatasi ya urefu wa mkono. Kinabaki nini? Karatasi nyeusi. Ukubwa umepotea, mwanga umepotea, na tabaka za rangi zimelala bapa.

Labda mtu atauliza: Mbona sanamu ndogo ya Bikira Maria katika kitabu cha Misa ni nakala pia, tena mara nyingi chapa duni, nayo inatusaidia? Inatusaidia kwa sababu ina uso. Hata rangi ikipauka tunamtambua Mama na Mtoto, na moyo unakwenda kwao. Picha ya Rothko haina uso. Mali yake yote ni rangi, ukubwa na mwanga. Ukiiondolea hivyo, umeiondolea yote. Picha za Kandinsky, zenye mistari na duara za rangi kali, zinavumilia chapa zaidi.

Anayetaka kununua anunue, lakini aulize kwanza. Picha ya asili ina ukubwa gani, na nakala ina ukubwa gani? Karatasi ni ya pamba? Wino utadumu au utapauka upesi? Warithi wa mchoraji wametoa ruhusa? Maana maneno "ubora wa makumbusho" si muhuri wa serikali. Muuzaji yeyote anaweza kuyaandika mwenyewe. Nakala nzuri ni kama barua ya ndugu aliye mbali: inamkumbusha, haimleti.

Na asiye na fedha asihuzunike. Aende kanisani mapema kabla ya Misa ya asubuhi, taa hazijawashwa, aketi atazame mwanga ukiingia dirishani polepole. Kungoja huko hakuuzwi dukani.