Mlevi Anaposhika Usukani wa Hadithi: Uhakiki wa Bringing Out the Dead

Utangulizi

Tumezoea kufundishwa kwamba fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja. Wengi wetu tunaiandika sentensi hiyo kwenye mtihani, tunapata maksi zetu, basi, yameisha. Makala haya yanataka kuijaribu sentensi hiyo kwenye kazi moja ambamo, kwa maoni yangu, fani imetoa hukumu kabla maudhui hayajasikilizwa. Kazi yenyewe ni Bringing Out the Dead, riwaya ya Mmarekani Joe Connelly iliyotoka mwaka 1998, pamoja na filamu ya jina hilohilo iliyoongozwa na Martin Scorsese mwaka 1999 kutokana na mswada wa Paul Schrader. Connelly hakuandika mambo ya kusikia. Yeye mwenyewe alikuwa mhudumu wa gari la wagonjwa mjini New York kwa miaka kadhaa. Mifano yangu nitaichukua kwenye filamu, ambayo ni rahisi zaidi kwa msomaji kuipata.

Dhamira kuu ni ulevi wa mtu ambaye kazi yake ni kuokoa maisha. Mhudumu akinywa akiwa zamuni, nani awajibike? Yeye? Bosi wake? Wenzake? Hoja yangu ni kwamba kazi hii imefaulu sana kuonyesha jinsi mfumo unavyomlea mlevi, lakini imeshindwa kutuonyesha yule anayelipa gharama za ulevi huo, yaani mgonjwa. Na imeshindwa kwa sababu ya msimulizi iliyemchagua.

Kisa kwa ufupi

Frank Pierce ni mhudumu wa gari la wagonjwa katika mtaa wa Hell's Kitchen, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tunamfuata kwa siku tatu mfululizo, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, kila usiku akiwa na mwenzake tofauti: Larry, Marcus, kisha Tom Wolls. Frank hapati usingizi. Ni miezi sasa hajaokoa mtu. Msichana aitwaye Rose, aliyemfia mikononi kwa pumu, anamwandama. Kila sura anayoiona barabarani inageuka kuwa ya Rose. Kwa hiyo Frank anakunywa, na anakunywa ndani ya gari lenyewe. Usiku mwingine anajitundikia dripu, akitumia dawa zilizowekwa humo kwa ajili ya wagonjwa.

Mfumo unaomlea mlevi

Hapa ndipo mwandishi alipofaulu. Frank anakwenda kwa bosi wake, Kapteni Barney, na kumwomba amfukuze kazi. Hebu fikiri, mtu anaomba afukuzwe! Kapteni anamjibu kwamba atamfukuza kesho bila wasiwasi, lakini usiku huu hana mtu, kwa hiyo aingie garini. Watazamaji hucheka, na kweli inachekesha. Lakini ndani ya kicheko hicho mna uchambuzi mzima wa uwajibikaji. Sheria ipo, adhabu ipo, mkosaji amejileta mwenyewe. Kinachokosekana ni mtu wa kushika zamu. Pengo la zamu likawa na nguvu kuliko kanuni.

Wenzake nao hawana nafuu. Larry anawaza chakula. Marcus anamtegemea Yesu. Tom anatafuta wa kumpiga. Kila mmoja ana kilevi chake, hata kama si cha chupa, ndiyo maana hakuna anayeweza kumnyooshea Frank kidole. Huku kwetu jambo hili lina jina, tunaliita kulindana. Mwandishi haliiti hivyo wala halihubiri. Anawaweka tu watu wawili wawili garini, nasi tunaona.

Kinaya kikubwa kuliko vyote kiko kwenye tukio la ukumbini. Kijana amezidisha unga, hapumui. Marcus anawaamuru rafiki zake washikane mikono na kumwomba Mungu kwa sauti, huku Frank akimchoma kijana sindano ya naloksoni, dawa inayoiondolea heroini nguvu yake mwilini. Kijana anaamka, na rafiki zake wanaona muujiza. Sasa angalia: anayemtoa mwenzake kwenye ulevi ni mtu ambaye mwenyewe yumo ulevini, na kwake hakuna anayekuja na sindano. Kwa tukio hilo moja mwandishi amesema mengi kuliko hotuba nzima.

Msimulizi mlevi, shahidi mlevi

Tatizo liko kwenye usimulizi. Tunasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, sauti ya Frank ikitusindikiza. Tunaona anachokiona yeye na kuumia anapoumia yeye. Faida yake ni kwamba tunauelewa uchovu wake kutoka ndani. Hasara yake ni kwamba mlevi amekuwa shahidi pekee wa ulevi wake. Hatuambiwi mikono yake ilitetemeka kiasi gani mbele ya mgonjwa fulani, wala kama alichelewa dakika mbili kwa sababu ya chupa. Angejuaje? Na kama alijua, kwa nini atuambie?

Linganisha na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Zakaria naye ni mlevi. Lakini Kezilahabi hakumpa Zakaria kalamu. Ulevi wake tunauona kwa macho ya nyumba yake, ya mkewe Regina na mabinti zake, na gharama yake tunaihesabu kwao. Hatuhitaji kumchukia Zakaria ili tuione hesabu hiyo. Katika kazi ya Connelly hesabu haipo, kwa sababu walioumia hawana sauti. Wagonjwa wanapita nyuma ya gari mmoja baada ya mwingine, na wakishateremshwa hospitalini wamekwisha kazi yao katika hadithi.

Tazama matukio mawili ya usiku wa Ijumaa. La kwanza, Frank na Marcus wanazalisha mapacha. Mmoja anaishi, yule dhaifu, aliyeshikwa na Frank, anafariki. Tunaombwa tumwonee huruma Frank, na kweli tunamwonea. Lakini filamu haitupi hata nafasi ya kuuliza kama mtu aliyelala vizuri, asiyekunywa, angeweza kumwokoa yule mtoto. Pengine asingeweza. Hata hivyo swali lilipaswa kuwepo, kwa sababu mama wa mtoto angeliuliza. La pili, gari lao linapinduka. Ajali kubwa! Lakini ndani hamna mgonjwa, na mambo yanaishia kwenye kichekesho. Hii si bahati ya Frank, ni bahati aliyoandikiwa. Kila gharama ya ulevi inapokaribia kumgusa mtu wa pembeni, hadithi inakata kona.

Mwisho wa kisa

Hatua ya mwisho ndiyo inayogombanisha wahakiki, na mimi naona ndiyo kiini. Mzee Burke, ambaye moyo wake umeshtuliwa tena na tena kwa umeme, amelazwa hospitalini hana matumaini. Frank anaamini kwamba mzee anamsihi amwache aende zake. Anajibandika mwenyewe nyaya za mashine inayopima mapigo ya moyo ili isipige kelele, anauondoa mpira wa kupumulia, na mzee anafariki. Kisha Frank anakwenda kwa Mary, binti wa marehemu, na hatimaye anapata usingizi.

Kisanaa, tukio hili ni zuri sana. Moyo wa mhudumu unapiga kwa niaba ya moyo wa mgonjwa. Ni taswira inayobaki kichwani. Lakini uzuri wake ndio unaonitia mashaka. Sizungumzii hapa kama mgonjwa asiye na matumaini aachwe afe au la. Hilo ni suala zito linalohitaji madaktari, familia na sheria. Nazungumzia nani ameamua. Ameamua mtu mmoja, usiku, baada ya siku tatu za pombe bila usingizi, akitegemea sauti ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Mtu huyohuyo anaona sura ya marehemu Rose kila kona. Tukikataa kuamini kwamba Rose yuko barabarani, kwa nini tuamini kwamba Mzee Burke amesema? Hadithi inataka tuyaite macho yake ugonjwa na masikio yake ufunuo. Na Mary, mwenye baba, hakuulizwa.

Najua kuna wenzangu watakaosema: ndugu, fasihi si mahubiri, mwandishi halazimiki kumwadhibu mhusika wake. Nakubali. Sitaki Frank afungwe jela kwenye ukurasa wa mwisho ili sisi tulale vizuri. Ninachodai ni kidogo mno: mgonjwa mmoja. Sura moja tu ambamo tunakaa nyuma ya gari, tumelala chali, tunamtazama mhudumu anayetuinamia, na tunasikia harufu ya pumzi yake. Sura hiyo ingetosha. Huruma yetu kwa Frank isingepungua, ila ingelazimika kugawanywa kwa haki.

Hitimisho

Kwa jumla, Bringing Out the Dead ni kazi iliyofaulu katika kuonyesha kwamba ulevi kazini si tabia mbaya ya mtu mmoja tu. Una wakubwa wanaoufaidi na wenzake wanaoufumbia macho. Katika hilo imezishinda kazi nyingi zinazomlaumu mnywaji na kuishia hapo. Haikufaulu pale ilipogeuza mateso ya mhudumu kuwa kibali. Kuteseka kunaeleza kwa nini mtu ameinua chupa. Hakumpi haki ya kuamua peke yake uhai wa mwingine. Ndiyo maana nadhani kazi hii inafaa kusomwa na wanafunzi wa fasihi pamoja na wenzetu wa udaktari na uuguzi, darasa moja. Sisi tuwaulize kuhusu mpira wa kupumulia, wao watuulize kuhusu msimulizi. Naamini swali lao litakuwa gumu zaidi kujibu.