Kinyonga Yule Hakuwa Akideka

Mliomtazama yule mfugaji akihangaika na kinyonga wake wa pembe tatu bila shaka mliguna palepale nilipoguna: siku ya tatu ya mgomo wa kula, anapowaweka kando nyenje, anashika kibano na kumpelekea dume lile buu la nondo wa nta mpaka mdomoni. Buu likaliwa, mfugaji akashangilia, mgomo ukatangazwa umekwisha. Ukweli ni kwamba tatizo ndiyo kwanza lilifukiwa. Kizimba cha wavu ni kizuri, mimea ni hai, maji yananyunyizwa majanini asubuhi na jioni, nyenje wameshibishwa mboga kabla ya kutolewa. Kwa hayo sina neno. Neno langu ni kibano.

Rudini kwenye yaliyotangulia. Nyenje anapanda kitawi. Jicho la kushoto la kinyonga linamwona kwanza, la kulia linageuka, yote mawili yanamkazia kwa mbele. Kichwa kinasogea, mdomo unafunguka kidogo, ncha ya ulimi inachungulia na kutulia hapo, kisha inarudi ndani na mdomo unafungwa. Baada ya muda anarudia vilevile. Mnyama asiyemtaka nyenje hafiki huko. Humtupia jicho moja na kuendelea na mambo yake. Huyu alipima umbali, akajiandaa, akaghairi. Hamu alikuwa nayo, kilichogoma ni kiungo. Na yanayoweza kuukwamisha ulimi hayahusiani na ladha hata kidogo: upungufu wa kalisi, ambao hulegeza misuli pamoja na kudhoofisha mifupa, upungufu wa vitamini A, jeraha, usaha mdomoni, au jicho lisilopima umbali sawasawa. Kila moja lina tiba yake, na kwa mtu aliye nyumbani dalili kubwa ya kumwongoza ni ulimi wenyewe, akiuona ukiruka, ukipungukia, au ukigoma kutoka. Kibano kilimnyang'anya dalili hiyo. Buu likifikishwa mdomoni hudakwa kwa taya, na ulimi hautakiwi kuruka hata sentimita moja. Kwa hiyo mfugaji alithibitisha kwamba taya zinafunga, jambo ambalo hakuna aliyelitilia shaka.

Halafu akachagua buu gani! Warina asali wanamjua vizuri huyu anayebomoa masega: mafuta tele, kalisi kiduchu. Nyenje naye ana fosforasi nyingi kuliko kalisi, ndiyo maana hupakwa unga wa kalisi kabla ya kutolewa. Buu lile lilitolewa tupu. Yaani palipostahili kushukiwa upungufu wa kalisi, mnyama akapewa mafuta. Kama alitaka kitu laini, mabuu ya nzi askari weusi yana kalisi yake yenyewe, na hata hayo yalipaswa kuwekwa jani la mbali, ulimi ufanye kazi yake.

Nitaambiwa kinyonga ni mteuzi kwa asili. Vinyonga wa jamii hii, wenyeji wa nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru, walitorokea porini kisiwani Oahu, Hawaii, baada ya kuingizwa huko mwaka 1972. Hakuna aliyewabembeleza. Matumboni mwao wamekutwa wadudu na hata konokono wa asili wa visiwa vile. Anachopenda kinyonga ni mchanganyiko wa mawindo yanayotembea, nzi, panzi, mende, na hilo ni tofauti kabisa na kuletewa peremende mdomoni. Wengine watasema asubuhi ile alikuwa na baridi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ulimi ungetegemea misuli pekee. Mwaka 2010 Christopher Anderson na Stephen Deban walionyesha, kwa vinyonga wa Yemen, kwamba ulimi hurushwa kwa nguvu iliyohifadhiwa kwenye tishu zinazovutika, hivyo baridi haipunguzi sana mruko. Kinachodorora ni kuurudisha. Baridi huua hamu na kuchelewesha mmeng'enyo, lakini asiye na hamu halengi mara mbili. Na kwa kuwa baridi imetajwa, nirudie dukuduku langu la miaka yote: taa ya joto iliyoachwa ikiwaka usiku ni ya nini? Huyu ni mnyama wa miinuko yenye usiku wa baridi, si wa mabonde ya Yemen. Mtaniona mkaidi, lakini wanaouza taa hizo hawajawahi kulala Nyeri mwezi wa Julai.

Hoja nzito ni ile ya huruma: angeachwa afe njaa? La. Kinyonga mkomavu mwenye shina la mkia lililojaa, anayekunywa, na ambaye sehemu ya mkojo kwenye kinyesi chake bado ni nyeupe, hadhuriki kwa siku tatu. Wakubwa wengi hulishwa siku moja na kurukwa ya pili. Kinda ni habari nyingine, na aliyekonda au aliyefumba macho mchana apelekwe kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo. Dume hili lilikuwa limenona. Muda wa kuchunguza ulikuwepo, ukauzwa kwa buu moja.

Gary Ferguson na wenzake wa Texas, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2003, waliwapa vinyonga wa Madagaska chakula chenye vitamini D3 kwa viwango tofauti, kisha wakatulia kuwatazama: waliopata kidogo walijianika zaidi kwenye mionzi ya UVB. Walimwacha mnyama aonyeshe anachokosa kabla ya kumfanyia uamuzi. Mfugaji wetu alionyeshwa mara mbili, mchana kweupe. Hata sasa hajachelewa kuomba picha ya eksirei na mdomo ukaguliwe, mradi lile kopo la mabuu lifungwe kwanza.