Mita 300 msituni Kaliua

Kusini mwa reli ya Kaliua msitu wa miombo umetanda bila kilima cha kukuonyesha njia. Mitundu, miyombo, mininga, mbuga ya udongo mweusi, kisha miti ileile tena. Mrina asali mzoefu hupita humo kwa kusoma vijia, vichuguu na jua, na hapotei. Kinachomsumbua siku hizi hakionekani kwa macho, nacho ni mpaka. Tangu Pori la Akiba la Mto Ugalla lilipopandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019, mzinga ulioangukia ndani ya mstari unaweza kumpeleka mwenyewe mahakamani, hata kama mti ni uleule aliotundika baba yake.

Ndiyo maana vikundi vya wafugaji nyuki na kamati za misitu za vijiji zinatafuta GPS za mkononi. Dukani swali la kwanza huwa: hii ina usahihi wa mita ngapi? Kwa maoni yangu swali hilo lingesubiri. Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, kiasi cha kosa kufika mita 100 hivi. Uvurugaji huo ulizimwa mwezi Mei 2000, na leo karibu mashine yoyote inayouzwa, ikiwa chini ya anga wazi, inakuweka ndani ya mita 3 hadi 5. Mzinga utauona ukiwa mita 5 kutoka mtini. Kosa linalowaumiza watu wa Kaliua ni la mita 300, na mashine ya bei kubwa inalifanya sawasawa na ya bei ndogo.

Linatoka wapi? Kati ya mwaka 1931 na 1933 Martin Hotine, mhandisi wa jeshi la Uingereza, alipima magharibi ya Tanganyika kwa mlolongo wa pembetatu kutoka kilele hadi kilele, kufuata meridiani ya 30. Kazi hiyo ilikuwa kipande cha tao refu la vipimo lililokusudiwa kuvuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini, na pengo lake la mwisho lilizibwa Sudan mwaka 1954. Kutokana na tao hilo ukapatikana msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, na juu yake zikachorwa ramani za Tanzania za 1:50,000 ambazo maofisa wa ardhi na misitu wamezitumia kwa miongo mingi. GPS yenyewe inasimama juu ya msingi mwingine, WGS84, wenye umbo la dunia lililokadiriwa upya na kitovu kilichosogea. Wapimaji huuita msingi wa namna hii datamu.

Sasa chukua koodineti za kona ya mpaka kutoka kwenye ramani ya zamani, uziingize kwenye GPS ambayo haijabadilishwa datamu. Mashine itakuongoza kwa uhakika kabisa hadi mahali palipo kaskazini ya kona halisi kwa mita 300 hivi, na magharibi yake kwa mita 80 hivi. Haitakupa onyo lolote. Kioo kitaonyesha usahihi wa mita 3, na hizo mita 3 ni za kweli, ila zimepimwa kuzunguka mahali pasipohusika. Kwenye mpaka wa kilomita 10 unaokwenda mashariki hadi magharibi, hilo ni eneo la hekta 300 linalohama mikono bila mtu yeyote kusema uongo. Kijiji na askari wa hifadhi wanaweza kufika kila mmoja na mashine nzima, wakagombana siku nzima.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, iwashe mashine pale pale dukani. Fungua mpangilio wa koodineti, uhakikishe inakubali UTM, yaani koodineti za mita, na kwamba Arc 1960 imo kwenye orodha ya datamu. Kaliua iko ukanda wa UTM wa 36 kusini. Kama muuzaji hajui kukuonyesha ukurasa huo, mwombe mashine uutafute mwenyewe.

Kosa la jamii hiyo liliwahi kutokea zamani. David Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872 akisubiri wapagazi, alikuwa stadi wa kupima jua na nyota. Lakini mwaka 1867, kaskazini ya Zambia ya leo, kijana aliyembebea saa zake za vipimo alianguka nazo, mwendo wa saa hizo ukabadilika, na longitudo alizozipata baadaye zikapotoka. Dunia inazunguka mita 460 hivi kwa sekunde 1 kwenye ikweta, hivyo saa ikikosea sekunde chache tu, ramani inahama kwa kilomita. GPS nayo ni kazi ya saa. Inapima muda ambao mawimbi yametumia kushuka kutoka setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu, na kosa la sehemu 1 kati ya milioni ya sekunde ni mita 300. Makosa hayo ya saa yanasahihishwa na mfumo wenyewe bila wewe kujua. Datamu inakungoja wewe.

Baada ya hapo, betri. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosifu mashine zenye betri ya ndani ya kuchaji. GPSMAP 67 ya Garmin inatangazwa kukaa saa 180, na kwa mtu mwenye sola kambini ni chombo kizuri. Lakini kambi ya asali ni mtu, baiskeli, madumu na turubai. eTrex 22x, ya Garmin pia, inakula betri mbili za AA na hudumu kama saa 25. Betri zikikata, unabadilisha mbili nyingine ukaendelea. Shida ni kwamba betri za duka la kijijini mara nyingi ni zile nyepesi za bei ya chini, zilizokusudiwa redio na tochi ndogo, na ndani ya GPS zinakufa upesi mno. Nunua za alkalaini Tabora mjini kabla ya safari, kisha uiambie mashine ni za aina gani, la sivyo kipimo cha chaji kitakudanganya. Zima pia usaidizi wa WAAS na EGNOS. Masahihisho yake yametengenezwa kwa ajili ya Marekani ya Kaskazini na Ulaya, na huku kwetu kazi yake ni kumaliza betri.

Antena nayo ina namna yake ya kushikwa. eTrex ina antena bapa, kwa hiyo ilaze kiganjani kioo kikitazama mbinguni. GPSMAP 65s ina ule mkonga juu wenye antena ya msokoto, hiyo isimamishe wima. Ukiining'iniza eTrex shingoni kifua kikiizibia nusu ya anga, halafu ukalaumu setilaiti, unaionea. Kuchukua pointi ya mzinga, sogea kidogo kutoka shinani, simama, acha namba za mwisho zitulie, tumia kipengele cha wastani kwa dakika moja au mbili, ndipo uhifadhi. Wakati wa kiangazi miombo imepukutisha majani na kazi hii ni nyepesi. Masika, chini ya majani mabichi yaliyolowa, mashine ya masafa mawili kama 65s inaonyesha thamani yake, ingawa betri zake hudumu saa 16 tu.

Na simu? Jirani zetu wa Kigoma wamethibitisha kwamba inaweza. Walinzi wa misitu wa vijiji waliofunzwa na Taasisi ya Jane Goodall walitumia simu za Android na programu ya Open Data Kit kuandika mitego, miti iliyokatwa na dalili za sokwe. Kwa kazi ya fomu na picha, simu inaishinda GPS ya mkononi. Pasipo mtandao inachelewa kidogo kupata pointi ya kwanza, na juani kioo chake hakisomeki vizuri kama cha eTrex. Kikundi chenye fedha ya chombo kimoja tu, na ambacho kazi yake kubwa ni mpaka na mizinga, ningekiambia kinunue 22x. Kwa viwanja vya nyumba vya mita 20 kwa 20 nisingependekeza chochote kati ya hivi, kwani mita 4 za kosa hapo ni chumba cha mtu. Hiyo ni kazi ya mpimaji.

Mashine ikifika, ipimwe Kaliua stesheni kabla haijaingia msituni. Reli ya Mpanda inachepuka pale kutoka ile ya Kigoma, na mchepuko huo unaonekana wazi kwenye picha za setilaiti. Simama kando yake, chukua pointi kwa WGS84, ulinganishe na picha. Kisha badilisha kwenda Arc 1960 uone namba ya kaskazini ikiruka kwa mita 300 hivi ilhali miguu yako haijasogea. Kila mwanakikundi aione kwa macho yake. Na kwenye daftari la mizinga iwepo safu ya datamu kando ya koodineti, ijazwe kila mara, hata pale wote wanapodhani inajulikana.