Mvumo Ulio Karibu na Sol

Ampli ya valvu iliyoundwa nyumbani ikipata ugonjwa, mara nyingi haizimi. Inavuma. Mpiga gitaa huuona mvumo huo kuwa kero tupu, kumbe ndio ushahidi wa kwanza wa kilichoharibika ndani ya sanduku, na mtu aliyezoea kuweka nyuzi za gitaa sawa ameshabeba kipimo cha kuusoma.

Umeme wa Kongo hupiga mara 50 kwa sekunde. Unapogeuzwa kuwa wa mkondo mmoja, kwa njia inayotumia pande zote mbili za wimbi, mapigo yanakuwa 100. Kapasita za kuchuja zikiwa hai, mapigo hayo hufifia kabla hayajafika kwenye spika; zikichoka, yanapenya. Sasa chukua gitaa, bonyeza uzi mnene kwenye freti ya tatu, upige. Hiyo ni sol, mapigo 98. Mvumo wa ampli ukikaa juu kidogo tu ya noti hiyo, mshukiwa wa kwanza ni kapasita za kuchuja. Ukisikika oktavu nzima chini yake, ziache kwanza: chunguza waya za kupasha valvu moto, kama zimesokotwa vizuri au zimepita karibu mno na gridi (mlango wa sauti) ya valvu ya kwanza, kisha uangalie gitaa lenyewe na kebo yake. Hakuna mita iliyowashwa bado, na nusu ya kazi imekwisha.

Pale Kibombo, kituo cha reli iendayo Kongolo kutoka Kindu, umeme wa bendi au wa kwaya huwa ni wa jenereta ndogo au wa paneli za jua na inveta. Jenereta haishiki mapigo 50 kwa uaminifu. Ikilemewa, inashuka, mzigo ukipungua, inapanda. Fundi anayejua kazi yake huligeuza tatizo hilo kuwa msaada: anamwomba mtu awashe pasi au kitu kingine kizito, halafu anasikiliza. Mvumo ukishuka pamoja na injini, chanzo chake ni umeme unaoingia. Mikwaruzo isiyojali injini inatoka kwingine: kiungo kilicholehemiwa vibaya, mguu wa valvu wenye kutu, resista inayokufa. Hapo huchukua kijiti kikavu cha mwanzi na kugonga kipande kimoja baada ya kingine, taratibu, mpaka kile kinachougua kijibu.

Valvu zenyewe mara nyingi ni urithi. Redio za Ulaya za miaka ya 1950 na 1960, za Philips na wenzake, zilibeba EL84 ya kusukuma spika, na EL84 moja hutoa takribani wati 5, zinazotosha chumba. Valvu hiyo hiyo, ikiwa nne kwa pamoja, ndiyo iliyoijengea jina ampli ya Vox AC30 ya Uingereza. Na muziki wetu wa Kongo ulizaliwa ndani ya moto wa valvu. Mbelgiji Bill Alexandre alipofika Léopoldville, Kinshasa ya leo, na gitaa la umeme mapema miaka ya 1950, na wapiga gitaa vijana kama Franco na Docteur Nico walipokuwa wakikomaa, ampli ilikuwa ya valvu. Transista ilikuwa bado changa.

Lakini urithi huo una sumu, na hapa nasema kwa uzito wote. Soma herufi ya kwanza ya valvu. E ni ya volti 6.3, na kwa kawaida hupata umeme wake kupitia transfoma. U, kama UL84, iliundwa kupashwa moto kwa msururu, na redio nyingi za U hazina transfoma ya kuzitenga na umeme wa ukutani: chasisi yenyewe inaweza kuwa hai. Anayeunga gitaa humo ameunga nyuzi, na vidole vya mpigaji, moja kwa moja na kifo. Hata kwenye ampli salama, kapasita huweza kubaki na volti 300 na zaidi baada ya plagi kuchomolewa. Zitoe chaji kupitia resista, pima uhakikishe, kisha ndipo uguse. Na unapopima kitu kilichowashwa, mkono mmoja ukae mfukoni.

Ugonjwa ninaoupenda kuliko yote, kwa jinsi unavyofichuliwa, ni wa kapasita ya karatasi na nta. Maniema, mkoa ulipo Kibombo, ni nchi ya msitu na mvua, na unyevu huingia kwenye kapasita hizo za zamani polepole kwa miaka. Kazi ya kapasita iliyo kati ya valvu mbili ni kupitisha sauti na kuzuia umeme wa mkondo mmoja. Ikianza kuvuja, volti chanya zinafika kwenye gridi ya EL84, ambayo ilipaswa kusoma sifuri. Valvu inafunguka kupita kiasi, sauti inakwaruza, bati la anodi linawaka jekundu, na transfoma ya spika inaanza kuungua. Asiyejua hununua valvu mpya, nayo inawaka vilevile.

Fundi mwenye subira hanunui kitu. Anapima mguu wa 2, ulio wa gridi. Akikuta volti chanya, anazima, anachomoa EL84, anawasha na kupima tena upesi. Zikibaki, mkosaji ni kapasita. Zikitoweka, ni valvu yenyewe. Swali moja, majibu mawili, kila jibu linafunga mlango mmoja. Naipenda hatua hiyo kama wengine wanavyopenda shairi lililokamilika, kwa sababu ndani yake hamna kubahatisha. Na Kibombo, ambako kipuri kinaweza kungojewa hadi gari-moshi au pikipiki itoke Kindu, kubahatisha ni gharama isiyobebeka.

Ampli ikishapona, kazi moja inabaki, nayo ni ngumu zaidi: kujua ni kasoro gani isiguswe. Konono N°1 ya Kinshasa, kundi la Mawangu Mingiedi, walitengeneza maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari chakavu, na likembe zao, ala za vyuma zinazopigwa kwa vidole gumba, zikakwaruza kupitia vifaa hivyo kwa ukali ambao dunia iliusikia kwenye albamu ya Congotronics mwaka 2004. Fundi ambaye angewasafishia mkwaruzo huo angewanyang'anya sauti yao. Ndiyo maana, kabla ya kufunga mfuniko kwa skrubu, fundi mzuri humpa mwenye ampli gitaa lake, anamwacha apige kwa nguvu anayoitumia jukwaani, na anamuuliza kama kuna kitu alichokipenda ambacho sasa hakisikiki.