Giaboksi "Kulingana" na Injini: Uhakiki wa Tafsiri ya Mwongozo wa Ufundi

Mswada tunaouhakiki hapa ni tafsiri ya mwongozo wa Kimarekani unaowaelekeza mafundi namna ya kuchagua giaboksi ya gia za mkono kwa ajili ya injini iliyohamishiwa katika gari la mizigo la zamani. Mifano yake karibu yote ni ya magari ya Chevrolet. Mfasiri hatumtaji jina, kwa kuwa nia yetu ni kuyapima maneno wala si kumhukumu mtu. Makosa tutakayoyataja twayaona pia katika miswada mingine ya ufundi, na ndiyo maana yafaa yajadiliwe hadharani.

Tuanze na sifa zake. Sentensi za mswada huu zasomeka vizuri, na mfasiri hakuona haya kutumia maneno ya gereji. Ameandika klachi, bolti, beringi na stata kama mafundi wanavyosema. Wako wanaodhani kwamba kila neno lililotoka Kiingereza ni doa lipasalo kufutwa. Sisi hatukubaliani nao. Neno ambalo fundi, mwanafunzi wake na muuza vipuri wote wanalielewa kwa maana moja limekwisha kutimiza kazi ya istilahi. Ugumu huanza pale ambapo gereji haina neno moja lililotulia, na mfasiri hulazimika kuamua mwenyewe.

Kosa la kwanza linahusu neno linalobeba kitabu kizima. Mwingereza akitaja transmisheni aghalabu hukusudia njia yote ya nguvu kutoka injini hadi magurudumu: klachi, giaboksi, propela shafti, difu na ekseli. Mmarekani akilitaja neno hilo hilo hukusudia giaboksi peke yake. Mfasiri amefuata maana ya Kiingereza cha Uingereza katika kitabu cha Mmarekani, akaandika "mfumo wa upitishaji nguvu" kote. Basi pale mwandishi anaposema kuwa anayebadili injini huenda akalazimika kubadili giaboksi pia, msomaji wetu anaambiwa abadili kila kitu hadi ekseli. Mtunza ghala akiifuata sentensi hiyo ataagiza vitu vitano badala ya kimoja, na ofisa atakayeidhinisha malipo hatakuwa na njia ya kuligundua kosa, kwani yeye huona karatasi tu.

Kosa la pili ni kutafsiri jina bila kukitazama kitu. Shafti inayotoka mbele ya giaboksi na kuingia katika pleti ya klachi imeitwa "shafti ya pembejeo". Pembejeo kwa wasomaji wetu ni mbegu, mbolea na majembe. Bushi ndogo inayokaa mwishoni mwa krenkshafti na kuipokea ncha ya shafti hiyo imeitwa "bushi ya rubani", kana kwamba gari hilo huruka. Kasha linaloifunika klachi, lililo kati ya injini na giaboksi, limekuwa "nyumba ya kengele", kwa sababu tu Waingereza waliona umbo lake linafanana na kengele. Mwanafunzi atayakariri majina haya kwa ajili ya mtihani, kisha ayasahau aingiapo karakana. Twapendekeza "shafti ya klachi", "bushi ya ncha" na "kasha la klachi". Kila jina kati ya haya humwambia msomaji mahali pa kukitafuta kitu chenyewe.

Kosa la tatu ni kutumia jina moja kwa vitu viwili. Katika ukurasa mmoja twaelezwa kuwa shafti ya klachi ina "meno 10" na flaiwili ina "meno 168". Meno ya flaiwili ni meno kweli, kwa kuwa huumana na pinyoni ya stata. Flaiwili za injini za V8 za Chevrolet hupatikana za meno 153 na za meno 168, na stata hazina budi kufungwa kwa mpangilio wa bolti unaofaa kila moja. Lakini yale 10 ya shafti hayaumani na gia yoyote. Ni michoro iliyokatwa kwa urefu wa shafti, ili pleti ya klachi iweze kuteleza juu yake na wakati huo huo izunguke pamoja nayo. Kiswahili kina neno "mfuo", nalo latosha: shafti ya mifuo 10, pleti ya mifuo 10. Meno yabaki ya gia na ya flaiwili.

Hata hivyo, makosa hayo matatu ni mepesi yakilinganishwa na la nne. Mfasiri ametumia kitenzi "kulingana" kila mahali ambapo mwandishi anasema giaboksi inafaa kwa injini, na mwandishi analisema jambo hilo kwa maana nne zilizo mbalimbali.

Maana ya kwanza ni ya bolti. Injini ya V8 ambayo Chevrolet waliitoa mwaka 1955 ilikuwa na mpangilio wa matundu ya bolti nyuma yake uliokuja kutumiwa kwa miongo mingi katika injini ndogo na kubwa za V8 za kampuni hiyo. Kwa hiyo kasha la klachi la injini moja mara nyingi hushikana na injini nyingine.

Maana ya pili ni ya tundu la kati la kasha hilo, ambamo kifuniko cha beringi ya mbele ya giaboksi hukaa. Matundu hayo hupatikana ya inchi 4.686 na ya inchi 5.125. Giaboksi ndogo ikifungwa katika tundu kubwa, bolti zaweza kukazwa zote na shafti isiwe katikati. Watengenezaji wengi wa makasha hushauri kwamba tofauti hiyo isizidi inchi 0.005. Ikizidi, bushi na beringi huliwa, nayo gia huweza kuchomoka wakati gari linakwenda.

Maana ya tatu ni ya flaiwili. Kuanzia mwaka 1986 sili ya nyuma ya krenkshafti ya V8 ndogo ilibadilishwa, na duara la bolti za flaiwili likapungua kutoka inchi 3.58 hadi inchi 3.00. Flaiwili ya zamani haiingii tena. Aidha, injini ya inchi za ujazo 400 iliyotoka mwaka 1970 huhitaji flaiwili yenye uzito wa kusawazisha. Ikifungiwa flaiwili isiyo na uzito huo, bolti zitaingia zote, lakini injini itatetemeka hadi ijiharibu.

Maana ya nne ni ya kazi yenyewe. Giaboksi ya SM420, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1947 hadi 1967, ina gia ya kwanza yenye uwiano wa 7.05 kwa 1, na gia yake ya nne ni 1 kwa 1. Tuchukue gari lenye difu ya 4.10 na matairi ya kipenyo cha inchi 30. Likifungiwa injini ya dizeli iliyowekewa kikomo cha mizunguko 2,500 kwa dakika, katika gia ya nne halitavuka kilomita 88 kwa saa kwenye barabara tambarare, hata kama bolti, tundu na flaiwili vyote vimekaa sawasawa. Kwa gari la kubeba mchanga pengine hilo si neno. Kwa gari la kupeleka wagonjwa ni jambo la kufikiriwa kabla ya pesa kutoka.

Sasa msomaji aambiwe kuwa giaboksi fulani "inalingana" na injini fulani. Ni ipi kati ya hizo nne? Isitoshe, kulingana ni kuwa sawa, nazo sehemu hizi haziwi sawa kamwe: moja ni tundu na nyingine ni kinachoingia tunduni. Kitenzi hiki kimechaguliwa kwa sababu kinasikika cha kitaalamu, na kwa sababu hiyo hiyo kimezificha tofauti ambazo mwongozo uliandikwa ili kuzionyesha.

Twapendekeza vitenzi vinne, ambavyo mafundi wanavyo tayari vinywani mwao: bolti na matundu yake "hushikana", kifuniko cha beringi "hukaa" katika tundu la kati, shafti "huingia" katika pleti, na flaiwili katika krenkshafti, injini na giaboksi "huoana" kwa nguvu na kwa uwiano wa gia. Hivyo twaweza kuandika bila utata kwamba giaboksi imeshikana na injini lakini haikukaa, au kwamba imeshikana, imekaa na imeingia, lakini haioani nayo kwa kazi iliyokusudiwa. Wako watakaosema kuwa vitenzi hivi ni vya kila siku mno kuitwa istilahi. Twawajibu kuwa neno hupata hadhi ya istilahi kwa kuwekewa mpaka wa maana na kutumiwa kwa mpaka huo kila mara. Ugeni wake hauliongezei kitu.

Rai yetu ni kwamba mswada huu usipigwe chapa kabla sura zake za klachi na za uwiano wa gia hazijasahihishwa mbele ya fundi mwenye giaboksi iliyofunguliwa mezani. Mfasiri ana lugha nzuri, na kazi iliyobaki si kubwa. Walimu wa vyuo vya ufundi wenye majina mengine ya kasha la klachi au ya mifuo, yanayotumika kweli katika karakana zao, twawaomba watuandikie na kutaja ni sehemu gani na katika gari gani yanatumika, ili yapimwe pamoja na haya tuliyoyapendekeza.